Mnyama, Mti na Dhahabu: Somo Juu ya Nchi ya Peru

Kila mtu aliyepata kuitazama vizuri nembo ya taifa la Kenya anajua kwamba ina simba wawili walioshika ngao, na katikati ya ngao yuko jogoo mwenye shoka. Lakini si wengi waliotazama chini ya miguu ya simba hao. Hapo umechorwa Mlima Kenya, na juu yake mazao: kahawa, pareto, mkonge, chai, mahindi na mananasi. Kwa hiyo nembo yetu ni kama orodha fupi ya mali ya nchi. Ni kusema, "Haya ndiyo tunayojivunia, na kwa haya tunaishi."

Nchi ya Peru, iliyoko Amerika ya Kusini, nayo ilifanya vivyo hivyo mwaka 1825, miaka minne baada ya kutangaza uhuru wake kutoka kwa Wahispania. Ngao ya Peru ina vitu vitatu. Cha kwanza ni vikunya, mnyama wa milimani mwenye sufu laini. Cha pili ni mti wa kwinini. Cha tatu ni pembe inayomwaga sarafu za dhahabu. Wazee wa nchi walikusudia kuonyesha utajiri wa aina tatu: wa wanyama, wa mimea na wa madini.

Katika somo hili tutapita pwani ya nchi hiyo, kisha tutapanda milima yake, kisha tutateremka katika msitu wake, tukitazama wanyama na mimea ya kila mahali. Na tukiwa njiani tutauliza swali moja: Je, mnyama na mti waliotiwa katika nembo walipatwa na nini baadaye? Jibu lake latuhusu hata sisi wa mbali, maana wengi wetu hula viazi kila juma, na wengi tumepata kunywa kwinini kwa ajili ya homa ya malaria. Vitu hivyo viwili vilitoka huko.

NCHI TATU KATIKA NCHI MOJA

Peru iko kusini ya Ikweta, nayo inaelekea Bahari ya Pasifiki. Ukubwa wake ni maili za mraba 496,000 hivi, yaani zaidi ya mara mbili ya Kenya. Wenyeji huigawa katika sehemu tatu. Pwani ni ukanda mwembamba wa jangwa. Nyuma ya pwani husimama milima ya Andes, ambayo kilele chake kirefu kupita vyote katika Peru, Huascarán, kina futi 22,205, hali Mlima Kenya una futi 17,057. Nyuma ya milima, upande wa mashariki, uko msitu wa mto Amazon, nao peke yake ni zaidi ya nusu ya nchi yote.

Sehemu hizi zimekaribiana kwa namna ya ajabu. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni maili 300, na katika mwendo huo wote barabara hupanda futi 5,500 hivi. Lakini mtu atokaye Lima, mji mkuu ulio kando ya bahari, akishika barabara ya mashariki, baada ya maili 80 tu huwa amefika kwenye njia ya mlimani iitwayo Ticlio, futi 15,800 juu ya bahari. Hapo pumzi huwa nzito na kichwa humwuma, kwa sababu hewa ni nyepesi. Akiteremka upande wa pili, aweza kufika kabla ya jua kutua katika mabonde ya joto ya La Merced, ambako watu hulima kahawa na machungwa ukingoni mwa msitu. Kwa siku moja amepita jangwa, theluji na msitu, na kila mahali ameona mimea mingine na wanyama wengine.

PWANI ISIYO NA MVUA

Watu wa Malindi au Lamu wakisikia neno "pwani" hufikiri habari ya minazi, mikoko na joto. Pwani ya Peru si hivyo. Kando yake hupita mkondo wa maji baridi utokao kusini, uitwao Mkondo wa Humboldt kwa jina la Alexander von Humboldt, mtaalamu wa Kijerumani aliyefika huko mwaka 1802 akapima baridi ya maji yake. Maji hayo hupoza hewa iliyo juu yake. Hewa baridi ni nzito, haipandi juu, na hewa isiyopanda haifanyi mvua. Ndiyo sababu mji wa Lima, wenye watu zaidi ya milioni 10, kwa kawaida haupati hata inchi moja ya mvua kwa mwaka mzima.

Badala ya mvua huja ukungu. Katika miezi ya baridi ukungu hufunika vilima vya karibu na bahari, na vilima vilivyokuwa vikavu kama jivu huota nyasi na maua kwa muda wa miezi michache, kisha hukauka tena. Watu maskini wanaokaa juu ya vilima vya Lima wamejifunza kutundika nyavu kubwa ili ukungu ushike katika nyuzi, maji yadondoke katika mifereji, nao wapate kumwagilia mboga zao.

Mito zaidi ya 50 huteremka kutoka milimani ikikata jangwa hili, na kila mto hufanya bonde la kijani. Katika mabonde hayo watu wamelima kwa mifereji kwa maelfu ya miaka. Huko Caral, kaskazini ya Lima, kuna magofu ya mji wa miaka 5,000 hivi iliyopita. Watu wa mji huo walipata pamba kutoka mashamba ya mtoni, na wavuvi wa pwani wakaisokota nyavu za kuvulia samaki.

Kaskazini kabisa, karibu na Piura, kuna misitu mikavu ya mti uitwao algarobo, wenye miiba na maganda matamu. Watu wa Baringo wakiuona mti huo hawataona mgeni, kwa sababu ni ndugu wa karibu wa mathenge, mti uliopandwa kwao katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa. Huko Piura maganda ya algarobo hulisha mbuzi na hupikwa yakawa asali nyeusi ya kutia katika vinywaji. Huku Baringo mathenge uliziba malisho na njia, na watu wakalalamika kwamba maganda yake yaozesha meno ya mbuzi. Basi mti mmoja waweza kuwa baraka mahali pake pa asili na taabu mahali pengine, ukipandwa bila kuchunguzwa kwanza.

NDEGE WALIOTAJIRISHA NCHI

Ikiwa nchi kavu ya pwani ni maskini, bahari yake ni tajiri. Maji baridi yapandayo kutoka vilindini huleta chakula cha mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo huliwa na viumbe vidogo, na kwa vyakula hivyo huishi samaki wadogo mfano wa dagaa, makundi kwa makundi. Dagaa hao huliwa na ndege: mnandi, mwari na wengineo, waliokuwa wakikaa katika visiwa vya karibu kwa mamilioni.

Kwa kuwa hakuna mvua ya kuosha visiwa, mavi ya ndege hao yalirundikana karne baada ya karne, hata katika visiwa vya Chincha yakawa vilima virefu. Mavi hayo huitwa guano, neno la lugha ya Kikechua, na ni mbolea kali sana. Wakulima wa milimani waliyatumia tangu zamani, na watawala wa Inka waliweka sheria ya kuwalinda ndege hao wasisumbuliwe katika majira ya kutaga.

Tangu mwaka 1840 hivi meli za Ulaya zilianza kuja kuchukua guano. Kwa muda wa miaka 40 hivi serikali ya Peru iliishi kwa fedha ya mavi ya ndege, na kazi ya kuyachimba katika vumbi na harufu kali ilifanywa na vibarua, wengi wao Wachina, katika hali ya mateso. Kisha vilima vikaisha. Mwaka 1909 ndipo serikali ilipoanzisha shirika la kuwalinda ndege na kuchukua mbolea kwa kiasi. Ndege wakaongezeka tena, hata katika miaka ya 1950 walihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 20.

Lakini wakati huohuo watu waligundua faida nyingine: kuwavua dagaa wenyewe na kuwasaga wawe unga wa kulisha kuku na nguruwe. Mwaka 1970 zilivuliwa tani zaidi ya milioni 12. Kisha ikaja El Niño ya mwaka 1972 na 1973. Jina hilo, ambalo maana yake ni "Mtoto Yesu", lilitolewa na wavuvi wa Peru, kwa sababu maji ya joto huja wakati wa Krismasi. Maji ya joto yakija, chakula cha vilindini hakipandi, dagaa hutawanyika, na ndege hufa njaa. Uvuvi uliozidi kiasi ulikuwa umekwisha kuwapunguza samaki, na El Niño ikamaliza kazi. Mwaka 1973 tani zilizovuliwa hazikufika milioni 2.

Wakenya hawahitaji kuelezwa sana juu ya El Niño, maana mvua za mwishoni mwa mwaka 1997 na mwanzo wa 1998 zilivunja madaraja na kufurika mashamba, na chanzo chake kilikuwa katika bahari ileile ya Pasifiki. Siku hizi serikali ya Peru huweka kiasi cha samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa kila majira, na hufunga uvuvi samaki wachanga wakizidi. Samaki wamerudi kwa wingi, ila ndege hawakurudi kama zamani. Na mwaka 2022 na 2023 homa ya ndege iliua mamia ya maelfu yao.

MILIMANI: VIAZI VYA RANGI ZOTE

Sasa tupande. Kwenye nyanda za juu, futi 12,000 na zaidi, miti ni michache na upepo hauna kizuizi. Ziwa Titicaca, lililogawanywa kati ya Peru na Bolivia, liko futi 12,500 hivi juu ya bahari, yaani juu kuliko msitu wa mianzi wa Mlima Kenya. Watu wa ziwa hilo hutengeneza mashua kwa matete, na wengine hukaa juu ya visiwa vya matete vinavyoelea.

Mahali pengine katika nyanda hizi huota mmea uitwao puya, ambao hukaa miaka mingi, pengine hata 80 au zaidi, bila kutoa ua. Kisha hutoa shina moja kubwa la maua, refu kuliko nyumba, hutoa mbegu, na kufa. Mtu aliyepanda Mlima Kenya akaona lobelia kubwa zilizosimama kama nguzo katika ukungu atadhani mimea hiyo ni ya ukoo mmoja. Sivyo. Ni baridi ya usiku na jua kali la mchana vilivyoifanya mimea ya mabara mawili ipate sura moja.

Lakini mmea mkuu wa Andes ni kiazi. Sisi twaviita "viazi vya Kizungu" kwa sababu Wazungu ndio waliovileta huku, lakini asili yake si Ulaya. Viazi vilifugwa kutoka mwituni na wakulima wa milima hii miaka 7,000 au zaidi iliyopita, na Ulaya haikuvijua mpaka Wahispania walipoingia Peru mwaka 1532 na baadaye kuvichukua. Katika Peru ziko aina zaidi ya 3,000: vyeupe, vya njano, vyekundu, vya zambarau, vyeusi, vya mviringo na vya kupinda kama kidole. Kipo kimoja chenye vifundo vingi hata ni shida kukimenya, nacho kwa Kikechua huitwa "kimlizacho mkazamwana", kwa kuwa husemwa kwamba mama mkwe humpa bibi arusi akimenye ili aone ustadi wake.

Kwa nini mkulima mmoja apande aina 20 au zaidi katika kishamba kidogo? Si kwa kupenda rangi. Aina moja hustahimili baridi, nyingine ukame, nyingine wadudu, nyingine hukomaa upesi. Mwaka ukiwa mbaya kwa baadhi, utakuwa mwema kwa nyingine, na nyumba haitalala njaa. Tena wana namna ya kuweka akiba: huvitandaza viazi nje usiku vigandishwe na baridi, mchana huvikanyaga kwa miguu ili maji yatoke, kisha huvianika juani. Viazi hivyo vikavu huitwa chunyo, navyo hukaa miaka bila kuharibika, kama vile makopa ya mihogo yanavyowekwa huku kwetu. Akiba haiozi.

Ulaya walichukua viazi lakini hawakuchukua hekima hii. Katika Ireland maskini walitegemea zaidi aina moja tu. Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa wa baka jani, ule unaogeuza majani kuwa meusi na kuozesha viazi udongoni, na kwa kuwa shamba la huyu na shamba la yule yalikuwa na aina ileile, ugonjwa ulipita nchi nzima. Kwa miaka michache watu milioni moja hivi walikufa, na wengine kama hao wakahama. Mkulima wa Nyandarua au Meru na ayafikirie maneno haya, maana katika Kenya sehemu kubwa sana ya viazi vinavyolimwa ni vya aina moja, Shangi. Shangi ni kiazi chema, hukomaa upesi na hupendwa sokoni. Lakini shamba lenye aina moja tu ni kama nyumba yenye nguzo moja.

Mwaka 1971 kilianzishwa mjini Lima Kituo cha Kimataifa cha Viazi, ambacho huhifadhi maelfu ya aina. Na karibu na Cusco, jamii za wakulima Wakechua wameunganisha ardhi yao iwe hifadhi ya viazi. Mwaka 2004 walipatana na kituo hicho warudishiwe aina zilizokuwa zimepotea katika mashamba yao. Hivyo mbegu huhifadhiwa mahali pawili: katika chumba cha baridi cha wataalamu, na udongoni mwa wale waliozianzisha.

VIKUNYA ALIYEOKOLEWA

Wanyama wakuu wa milimani ni wanne, wote ndugu wa ngamia lakini hawana nundu: lama na alpaka, ambao hufugwa, na guanako na vikunya, ambao ni wa mwitu. Lama hubeba mizigo ya ratili 60 hivi. Alpaka hufugwa kwa ajili ya sufu. Damu yao ina nguvu ya kuvuta hewa hata ikiwa nyepesi, ndiyo maana hukimbia mahali ambapo mgeni hushindwa kutembea. Juu yao huruka kondori, ndege wa jamii ya tai mla mizoga, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufikia futi 10.

Vikunya ni mdogo na mwembamba, wa rangi ya hudhurungi, na sufu yake ni miongoni mwa sufu laini na za thamani kubwa kuliko zote duniani. Zamani za Wainka ilikuwa mwiko kumwua. Kila baada ya miaka kadhaa watu kwa maelfu walijipanga wakashikana mikono, wakazunguka mlima, wakawaswaga vikunya hadi zizini, wakawakata sufu, na kuwaachilia. Desturi hiyo huitwa chaku. Baada ya Wahispania kuja na bunduki, watu waliona ni rahisi kumwua mnyama kuliko kumzunguka. Kwa muda wa karne nne vikunya waliuawa, hata baada ya mwaka 1825 walipowekwa katika nembo. Kufikia miaka ya 1960 Peru nzima ilikuwa na vikunya wasiozidi 10,000.

Mwaka 1967 serikali ilitenga hifadhi ya Pampa Galeras katika mkoa wa Ayacucho, na mwaka 1969 Peru na Bolivia zilipatana kukataza biashara ya sufu hiyo. Lakini sheria pekee haikutosha, kwa sababu mwanakijiji aliona vikunya wanamaliza majani ya kondoo wake na yeye hapati kitu. Katika miaka ya 1990 sheria ilibadilishwa, vijiji vikapewa haki ya kuwalinda vikunya wa ardhi yao, kuwakata sufu wakiwa hai, na kuiuza. Chaku ikarudi. Katika hesabu ya mwaka 2012 walipatikana zaidi ya 200,000.

Hata hivyo habari hii haijaisha vizuri kabisa. Majangili bado wako, na wanavijiji hulalamika kwamba koti la sufu hiyo huuzwa Ulaya kwa bei kubwa mno, hali fungu lao ni dogo. Wakenya wanaoishi jirani na mbuga za wanyama watalielewa neno hili bila mkalimani.

MTI WA KWININI

Upande wa mashariki wa milima, kati ya baridi ya juu na joto la chini, uko msitu uliojaa ukungu siku nyingi za mwaka. Humo hukaa dubu mwenye alama nyeupe machoni kama miwani, ambaye ndiye dubu pekee wa Amerika ya Kusini. Humo pia hukaa kima mwenye sufu na mkia wa njano, aliyedhaniwa kuwa amekwisha kabisa mpaka alipoonekana tena mwaka 1974.

Na humo ndimo ulimoota mti wa kwinini. Katika karne ya 17 mapadri wa Shirika la Yesu walipeleka magome yake Ulaya, yakajulikana kuwa dawa ya homa ya vipindi, yaani malaria. Mwaka 1820 wataalamu wawili wa Kifaransa, Pelletier na Caventou, walifaulu kutenga kwinini yenyewe kutoka katika gome. Lakini ili kupata gome, miti ilikatwa. Wakataji waliingia ndani zaidi mwaka hata mwaka, na wachache walikumbuka kupanda.

Nchi nyingine zilitaka mbegu. Mwaka 1865 mwenyeji wa Bolivia aitwaye Manuel Incra Mamani alimpatia mfanyabiashara Mwingereza, Charles Ledger, mbegu za mti wenye kwinini nyingi kuliko mingine. Waholanzi walizinunua wakazipanda Java, na mwishowe kisiwa hicho kikawa ndicho kinachouza karibu kwinini yote ya dunia. Baadaye Mamani alikamatwa, akapigwa, akafa kwa sababu ya mbegu hizo. Miti ya namna hiyo ilipandwa Afrika pia: huko Amani katika milima ya Usambara, na huko Kivu katika Kongo, ambako watu wamevuna magome yake kwa miaka mingi. Siku hizi zipo dawa nyingine za malaria zinazotangulizwa, lakini kwa muda wa miaka 300 hapakuwa na dawa ya kushindana na gome hili.

Je, nyumbani kwake? Mti huu umekuwa adimu mwituni. Waperu wengi wameuona katika nembo tu, hawajapata kuusimamia chini yake. Wako walimu na wapenda miti wanaoupanda upya, lakini kazi hiyo ni changa.

MSITU MKUBWA

Tukiteremka zaidi twafika msitu wa Amazon. Mji wa Iquitos, wenye mamia ya maelfu ya watu, hauna barabara ya kuufikia kutoka sehemu nyingine za nchi. Watu huenda kwa mashua au kwa ndege. Chakula cha wenyeji wa msituni ni samaki, ndizi na mihogo. Mihogo nayo asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioivusha hadi Afrika katika karne ya 16.

Humu hukaa jagwa, paka mkubwa mwenye madoadoa kama chui. Fisi-maji mwenye urefu wa futi 5 na zaidi. Na samaki aitwaye paiche, ambaye hupanda juu kuvuta hewa na aweza kufikia futi 10. Katika Hifadhi ya Manu, iliyoanzishwa mwaka 1973, zimehesabiwa aina zaidi ya 1,000 za ndege. Kenya nzima, ambayo ni maarufu kwa ndege, ina aina 1,100 hivi. Hifadhi moja tu karibu yatosha kushindana na nchi yetu.

Mfano mmoja utaonyesha jinsi viumbe hawa wanavyotegemeana. Kokwa za Brazil, ambazo huuzwa dunia nzima, hutoka katika mti mrefu wa msituni. Maua yake huhitaji nyuki wakubwa wenye nguvu ya kuyafungua. Ganda lake ni gumu kama chuma, na mnyama mdogo aitwaye aguti huling'ata akalitoboa, akala baadhi ya kokwa na kufukia nyingine, na zile anazozisahau huota. Ukikata msitu ukauacha mti huo peke yake, hauzai vema. Kwa hiyo maelfu ya jamaa katika mkoa wa Madre de Dios, wanaookota kokwa hizi wakati wa mvua, huishi kwa kuuacha msitu usimame.

Msitu huu umepata kuona maovu ya tamaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 wenyeji wa mto Putumayo walilazimishwa kukusanya mpira kwa mijeledi na mauaji. Aliyetumwa kuchunguza mwaka 1910 alikuwa Roger Casement, yuleyule ambaye taarifa yake ya mwaka 1904 ilifichua mateso ya mpira katika Kongo.

Na sasa imekuja zamu ya kitu cha tatu cha nembo, dhahabu. Katika Madre de Dios wachimbaji hukata miti, huchimbua mchanga wa mito, na hutumia zebaki kuikusanya dhahabu, kama wafanyavyo wachimbaji wadogo wa Migori. Zebaki huingia majini, kisha katika samaki, kisha katika mwili wa mama na mtoto. Mahali palipokuwa na msitu hubaki madimbwi ya maji ya rangi ya udongo. Mwaka 2019 serikali ilipeleka askari kuwafukuza wachimbaji haramu, lakini wengi walihamia mahali pengine. Dhahabu ikipanda bei, maskini hushika sepeto.

TUNAJIFUNZA NINI?

Tulianza kwa swali: mnyama na mti wa nembo walipatwa na nini? Vikunya alikaribia kuisha, akaokolewa. Mti wa kwinini ulienda kutajirisha nchi nyingine, ukawa mgeni kwao. Nayo dhahabu, rafiki yao wa katika ngao, imekuwa adui wa msitu.

Basi kuchora kiumbe katika nembo si kumlinda. Vikunya aliokolewa siku wanakijiji walipopata sababu ya kumtaka awe hai. Viazi vya Andes vilidumu kwa sababu kila mkulima aliweka aina nyingi, tena alijua kila moja ni ya kazi gani. Msitu wa kokwa husimama mahali ambapo watu hula kwa huo kusimama kwake. Mtu akiona faida ya kitu kilicho hai, atakilinda hata askari asipokuwapo.

Msomaji aweza kuanza nyumbani. Na amwulize mama au bibi yake ni aina ngapi za maharagwe, mtama, viazi vitamu au mboga za kienyeji alizokuwa akipanda zamani, na ni ngapi zilizobaki. Zilizobaki, hata kama ni konzi moja ya mbegu ndani ya kibuyu, zisiachwe zikapotea.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mvua hainyeshi katika pwani ya Peru ijapokuwa iko kando ya bahari?

2. Eleza jinsi dagaa, ndege na mbolea ya guano vinavyohusiana. El Niño huharibu sehemu gani kwanza?

3. Mkulima wa Andes hupata faida gani kwa kupanda aina nyingi za viazi? Linganisha na habari ya Ireland mwaka 1845.

4. Ni jambo gani lililowafanya vikunya waongezeke ambalo sheria ya kukataza pekee haikuweza?

5. Taja mmea mmoja au mnyama mmoja wa wilaya yako ambaye wazee walimjua sana na vijana hawamjui. Ni nini kilichosababisha?